Wanawake Wawili na Mgonjwa Mmoja

Tangu nirudi sijamaliza kushona hata gauni moja. Nikiketi tu kwenye cherehani, kivuli kinaziba mlango: "Pole na safari, Mama Faith. Hebu tuambie, ilikuwaje?" Naanza. Nikifika Mombasa anaingia mwingine, ananirudisha hapa Kabiro, naanza upya. Mdomo umechoka kuliko miguu. Kwa hivyo nimeandika yote mara moja, niwape nyinyi wa chama na majirani wa ploti, msomeane wenyewe. Mambo ya tikiti na pasi nimeyaruka, hayana utamu wowote.

KABIRO HADI SARANG'OMBE

Wengi mlimjua mume wangu Barasa tangu enzi za kibanda chake cha chapati hapa Kawangware, kabla hajawa mpishi wa meli. Aliyempeleka baharini ni mteja wake. Okoth, kijana wa Kibera, alikuwa akifanya kazi kwenye injini ya meli ya mizigo, na kila akija likizo alikula kwa Barasa. Siku moja akamwambia, "Boss, hizi chapati zinaharibikia hapa. Meli yetu haina mpishi." Barasa akacheka. Mwezi haukuisha, akaenda.

Meli yenyewe ilikuwa kuukuu. Ilibeba saruji kutoka Mombasa kupeleka visiwa vya Ngazija, ikarudi na chochote ilichopata. Barasa aliniambia ukisimama gatini ukaitazama ubavuni, unasoma majina yake ya zamani chini ya rangi. Nikamwambia hiyo si dalili nzuri. Akasema hata nyumba tunayokaa imepakwa rangi juu ya rangi, na haijatuangukia.

Dhoruba tuliisikia kwenye redio, kama habari ya watu wengine. Kisha wakala wa mabaharia, yule wa Mombasa, akanipigia. Meli haionekani. Kesho yake akapiga tena: imezama, upande wa kusini mwa Tanzania. Halafu, nikiwa nimeshaanza kuliliwa na ploti nzima, akapiga mara ya tatu. Wavuvi wameokota mtu mmoja akiwa hai. Yuko hospitali. Hawezi kuongea, koo limefura kwa maji ya chumvi na mafuta, lakini akiulizwa kama ni Mkenya anaitikia kwa kichwa.

"Jina lake?" nikauliza.

"Hawajaniambia. Wakenya walikuwa wawili kwenye ile meli, mama. Mume wako na Okoth. Nimewatumia nyote picha."

Picha ilikuwa ya mtu amelala, uso umevimba kama andazi, macho yamefungwa, bandeji toka kidevuni mpaka masikioni. Niliitazama mpaka simu ikaisha chaji. Nilipojaribu kumpigia wakala anipe namba ya hospitali, akasema simu za huko hazishiki, upepo umeangusha minara.

Nikaenda kumtafuta mama yake Okoth, ambaye sikuwa nimewahi kumwona. Nilimkuta Sarang'ombe, kule Kibera, nje ya nyumba yake, anakaanga samaki kwenye karai kubwa. Ni mama mnene, mwenye goti bovu, anayekaa kwenye kreti ya soda iliyopinduliwa. Hakunyanyua kichwa.

"Wewe ndiye bibi ya mpishi?"

"Ni mimi, Mama."

"Umeona picha?"

"Nimeiona."

"Ni Okoth," akasema. "Angalia huo mdomo. Huo ni mdomo wa baba yake."

Nikatoa simu yangu nikaitazama tena. Mimi niliona paji la uso la Barasa. Nililiona waziwazi, kama ninavyoona karatasi hii.

"Mama, mimi naona mume wangu."

Mafuta yakawa yanalia peke yake. Akawageuza samaki, mmoja mmoja, bila haraka.

"Basi twende," akasema. "Mwenye wake atamtambua."

BARABARA YA MOMBASA

Tuliondoka na basi la asubuhi. Faith nilimwacha kwa Mama Wambui, mwenye ploti, ambaye alikataa hata kusikia habari ya kupelekwa Bungoma kwa nyanya yake. "Mtoto ana shule," akasema, na hapo mjadala ukaisha.

Mama Okoth alibeba samaki wa kukaanga kwenye ndoo yenye kifuniko, na harufu yake ilitutangulia kila mahali. Kabla ya Mtito Andei lori lilikuwa limelala barabarani, limemwaga viazi. Tulikaa pale jua likipanda, jua likishuka. Watu walishuka, wakajinyoosha, wakaokota viazi. Mama Okoth akafungua ndoo, na ikawa karamu. Kila aliyenusa alipewa.

Mama mmoja wa makamo aliyekaa nyuma yetu alituuliza tunaenda wapi. Mama Okoth akamweleza. Yule mama akashika vichwa vyetu vyote viwili, akafumba macho. Kisha akayafumbua.

"Nimwombee nani? Nani arudi?"

Nikamtazama Mama Okoth, naye akanitazama. Ndipo nilipoelewa vizuri tunakokwenda. Kila neno zuri ambalo ningemwomba Mungu, lilikuwa kaburi la mtoto wa huyu mama aliyeketi kando yangu, mikono yake ikinuka samaki.

"Omba tu tufike," Mama Okoth akasema.

Yule mama akaomba tufike. Aliomba kwa kirefu, na lori likaondolewa.

Mombasa wakala alitupokea kwenye ofisi yenye feni kubwa, akatupa maji ya chupa. Alikuwa mpole. Upole wake ulinichosha kuliko joto. Akatuandikia mahali penyewe: hospitali ndogo, mbele ya Lindi, karibu na kijiji cha wavuvi. Akasema tungoje siku chache, kampuni itatuma mtu wake, barabara ya kusini imeharibika.

"Mimi sijui kungoja," Mama Okoth akamjibu. "Najua kwenda."

MPAKANI HADI DAR ES SALAAM

Mtu akikwambia kuvuka kwenda Tanzania ni rahisi kwa sababu lugha ni moja, mwulize lugha gani.

Tanga tuliingia kwenye mkahawa, tumechoka, na mimi nikasema kama ninavyosema kila siku hapa: "Leta chai mbili na mandazi nne."

Dada wa mkahawa akasimama, mikono kiunoni. "Dada yangu, kwani tumegombana?"

"Hapana. Kwa nini?"

"Mbona unanifokea? Hata hujambo huna?"

Nikaomba radhi. Nikasema naomba chai. Ilikuja na mdalasini na iliki, na mandazi manne yaliyoiva vizuri, na yule dada akakaa nasi mpaka tukamaliza. Alipopita kijana akamwambia Mama Okoth "Shikamoo, mama," Mama Okoth akamjibu, "Poa." Mkahawa mzima ukacheka, hata sisi tukacheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu tutoke Nairobi.

"Nilidhani ananiuliza kama nimeshika kitu," Mama Okoth akaniambia. Dada akamfundisha kusema marahaba. Kutoka hapo aliwaitikia watu wote marahaba, hata waliokuwa hawajamwamkia.

Lililonitatiza zaidi ni neno bibi. Kwenye basi la Dar mzee mmoja aliniuliza huko kusini namwendea nani. Nikasema kuna mgonjwa, mimi ni bibi yake. Akanitazama juu mpaka chini. "Bibi yake? Mwenyewe ana umri gani, basi?" Nilimweleza kwamba kwetu bibi ni mke. Akatikisa kichwa, akasema kwao bibi ni mama wa mama au wa baba. Kisha akanyamaza, kwa sababu aliona nimeanza kulia, na hakujua alichokosea. Hakukosea kitu. Nilikuwa nimewaza tu kwamba labda mimi si bibi wa mtu tena, kwa lugha yoyote ile.

RUFIJI

Baada ya Dar ndipo safari yenyewe ilipoanza. Ile dhoruba haikuzamisha meli tu. Ilikuja mpaka nchi kavu, ikaleta mvua, na mto ukala barabara. Tulifika mahali magari yamepangana mpaka upeo wa macho, madereva wamelala chini ya malori yao. Hapakuwa na mbele wala nyuma. Wanawake wa jirani walileta mihogo ya kuchoma na maharage ya nazi, na tulikula hivyo hivyo, asubuhi na mchana, mpaka mihogo ikatushinda kumeza.

Dereva mmoja wa lori alikuwa ametoka upande wa pili kwa miguu, kabla maji hayajapanda. Tulimwuliza hali ya pwani.

"Bahari imetapika," akasema. "Ufuo wote umejaa vitu. Ndoo, viatu, majaketi ya kujiokolea. Na mifuko ya saruji, imeshaganda, imekuwa mawe. Watoto wanapanda juu wanacheza." Kisha akatutazama. "Mna mtu?"

"Tuna mtu," Mama Okoth akamjibu.

Yule dereva akavua kofia.

Siku ile tulikaa kwenye kivuli cha lori moja, miguu yetu imefura. Mama Okoth alikuwa anakanda goti lake. Akaniambia bila kunitazama:

"Nyathina." Hiyo kwa Kijaluo ni mtoto wangu. "Nikikuta ni wako, sitakuchukia. Lakini siku hiyo usinionyeshe furaha. Ningojee kesho yake."

"Na mimi pia, Mama. Ningojee."

"Nitakungojea."

Mwishowe waliweka mbao juu ya tope, wakaruhusu watu wavuke kwa miguu wakachukue gari ng'ambo. Mama Okoth alijaribu, goti likakataa katikati, maji yakipita chini yake yakiwa mekundu na yenye kelele. Mwanamume mmoja mrefu, mbeba magunia, akainama mbele yake bila kuulizwa. "Panda, mama." Alikataa. Akasema yeye si gunia. Yule mwanamume akamjibu kwamba magunia huwa hayambishii. Akapanda, akavushwa, na alipotuliwa upande wa pili akamwambia marahaba badala ya asante. Nadhani alichoka mno.

HOSPITALI YA KWANZA

Tulipita Lindi mjini bila hata kusimama, tukateremka mbele, tukachukua bodaboda mbili kwenye njia ya mchanga na mikorosho iliyong'oka. Hospitali ilikuwa na paa nusu. Upepo ulikuwa umechukua mabati ya upande mmoja, na wagonjwa wachache walikuwa wamelala barazani.

Getini alikaa mlinzi, amefunga kanga kichwani kwa ajili ya jua. Nikakumbuka kusalimia kwanza. Nikamwuliza habari ya Mkenya aliyetoka baharini.

"Ah, yule," akasema kwa huruma. "Yule alishatutoka."

Mama Okoth hakupiga kelele. Alikaa chini palepale mchangani, kama mtu aliyekatwa miguu, akafunika uso kwa leso. Mimi nilishika geti. Nilisikia vyuma vyake vya moto viganjani na sikuviachia. Nakumbuka niliwaza jambo moja tu: basi hatutajua hata ni wa nani.

Mlinzi akaruka kutoka kwenye kiti. "Jamani! Mama! Mbona mnafanya hivyo? Ametoka hapa, nasema! Kapelekwa Lindi, hospitali kubwa, kwa gari! Paa letu si mnaliona?"

"Umesema ametutoka," nikamwambia.

"Mungu nisamehe. Nimesema vibaya. Yu hai. Aliondoka amekaa, anakunywa uji. Jina silijui, alikuwa bado haongei."

Akamletea Mama Okoth maji kwenye kikombe chake mwenyewe. Aliomba msamaha mpaka ikabidi sisi tumtulize yeye. Ile hospitali kubwa ya Lindi tulikuwa tumeipita asubuhi, nikaiona dirishani, nikasoma hata kibao chake. Tukageuza.

LINDI

Nesi alituongoza kwenye korido ndefu. Alituuliza, "Nani ndugu wa mgonjwa?" Hakuna aliyejibu. Akafikiri hatukusikia, akauliza tena, kisha akatutazama vizuri na kuacha. Nadhani alielewa. Akatuonyesha mlango, akarudi nyuma.

"Ingia wewe," Mama Okoth akasema.

"Wewe ni mkubwa, Mama. Ingia."

Hakuna aliyeingia. Kisha akanishika mkono, nasi tukaingia pamoja, kama watoto wanaoingia maji.

Kitanda kilikuwa cha mwisho, karibu na dirisha. Mgonjwa alikuwa ameelekeza uso ukutani. Shuka ilikuwa fupi, na miguu ilitokeza. Miguu mirefu, myembamba, kisigino kimechongoka. Barasa ana miguu mifupi, mipana. Nilikuwa nikimwambia ana miguu ya bata.

Nikauachia mkono wa Mama Okoth.

Yeye naye alikuwa ameshaiona ile miguu. Lakini hakukimbia. Alisimama, akanitazama, machozi yakimtiririka, na mdomo ameuziba kwa mkono wake mwenyewe ili sauti isitoke. Alikuwa ananingojea. Aliniahidi chini ya lori, na alikuwa anatimiza, mama huyu, mwanawe akiwa hai hatua chache kutoka kwake.

"Nenda, Mama," nikamwambia. "Nenda kwa mtoto wako."

Nikatoka nje. Sitawaeleza yaliyokuwa moyoni mwangu pale nje. Nesi aliniletea uji wa mchele, akaketi nami mpaka nikaunywa, na hakuniambia neno lolote la kunituliza. Mungu ambariki kwa hilo.

Baadaye Okoth akaniita. Sauti yake ilikuwa imeanza kurudi, ikikwaruza kama jiwe juu ya bati.

"Shemeji," akasema. "Shem, nisamehe."

"Nikusamehe nini?"

"Mimi ndio nilimleta."

"Alikuja mwenyewe. Niambie tu ilikuwaje."

Akanieleza, polepole, akipumzika. Upepo uliwakuta wakiwa mbali na kila mahali. Mawimbi yalivunja kifuniko cha shehena, maji yakaingia kwenye saruji, na meli ikaanza kulala upande mmoja na kukataa kuinuka. Asubuhi ile hakuna aliyetegemea chakula, lakini Barasa alikuwa amefunga sufuria kwa waya kwenye jiko, akachemsha chai, akapita akiwagawia, akishikilia kuta. "Alituambia, manze, mtu hawezi kupambana na tumbo tupu."

"Mlikula?" Mama Okoth akauliza.

"Tulikula, Mama. Chai na chapati za jana."

Mama Okoth aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa habari muhimu. Kwa kweli ilikuwa muhimu.

Kisha injini ikanyamaza. Nahodha akaamuru watoke. Mashua ya kuokolea ilikuwa imeshikwa na kutu, haikushuka. Wakabaki na boya moja la mpira la kupuliza, na wote wakawa wanalikimbilia. Barasa alikuwa tayari nje, amevaa jaketi lake, Okoth akiwa amemshika mkono. Ndipo Barasa alipouliza, "Chifu yuko wapi?" Chifu ndilo jina walilomwita mkubwa wa injini, mzee mgeni kutoka nchi ya mbali, aliyekuwa na malaria na amelala chumbani.

"Nikamwambia, Boss, hakuna time. Akaniambia nitangulie. Akaniachia mkono akarudi ndani." Okoth akafumba macho. "Nilimwona anaingia mlangoni, shem. Halafu meli ikageuka. Hatukuona mtu mwingine akitoka. Boya nalo likapinduka baadaye, wengine wakaenda mmoja mmoja. Mimi sijui kwa nini nimebaki."

Nilimfunika miguu kwa shuka.

KIJIJINI

Ningeweza kurudi nyumbani kutoka pale. Lakini nesi aliniambia kuna miili iliyotupwa na maji, na kijiji kiliizika kwa sababu haikuweza kukaa. Mama Okoth akamwacha mwanawe kitandani. Nilimkataza. Akasema, "Wewe ulinisindikiza kwa wangu."

Tukarudi njia ile ile ya mikorosho iliyong'oka. Kijijini walituitia mtu anayeitwa Selemani, fundi baiskeli, mwembamba, mwenye mashaka usoni. Ndiye huosha maiti kijijini tangu mjomba wake afariki. Alitupeleka nyuma ya nyumba za mwisho, kwenye mchanga ulioinuka, makaburi mapya yamepangwa vizuri, kila moja na kijiwe.

Nilimwambia mume wangu alikuwa mfupi, mpana, na mkono wa kulia una kovu refu la mafuta ya moto, toka kiwiko hadi mahali pa saa. Alivyonisikiliza nilijua.

"Yule alikuja na mwenzake," akasema.

"Mwenzake gani?"

"Mzee. Mzungu, sijui Mrusi, nywele nyeupe. Walikuja wamefungwa pamoja. Huyu wako alikuwa na aproni ya jikoni. Aliivua, akapitisha kamba zake kwenye kwapa za yule mzee, akazifunga kwenye jaketi lake mwenyewe. Fundo gumu, dada. Hatukuweza kulifungua, tulikata." Akatazama chini. "Tukasema, huyu ni mpishi, na alikuwa anambeba huyu mzee. Tukawalaza jirani. Haya mawili hapa."

Kwa hivyo alimfikia. Alimfikia na akatoka naye. Okoth hakuliona hilo, wala mtu mwingine aliye hai.

Nilikaa kwenye ule mchanga. Mama Okoth alikaa kando yangu, na sasa ndipo alipolia kwa sauti, kilio cha kwao, cha kuita jina, akimwita Barasa mwanawe. Wanawake wa kijiji walitoka majumbani, wakaja wakakaa nasi, wasiojua hata tunalia kwa lugha gani.

Tulipotulia, Selemani bado alikuwa amesimama. Alikuwa na jambo.

"Dada, hatukujua dini zao. Tungemwuliza nani? Tuliwaosha kwa maji ya kisima, tukawavika sanda, tukawasalia, kama tunavyowafanyia watu wetu. Kama tumekosea, mtusamehe. Na kama unataka kumchukua, tutakufukulia wenyewe."

Mkewe alituletea wali na pweza wa nazi kwenye sinia moja. Nilikula, jambo ambalo sikulitegemea. Nilikula huku nikitazama yale makaburi mawili, na nikafikiri habari ya kuchimba, kukata tena kile alichokifunga, kumwacha yule mzee peke yake kwenye nchi isiyojua jina lake. Nikamwambia Selemani hawakukosea kitu. Nikamwambia amwache hapo.

KURUDI KABIRO

Njia ya kurudi ilikuwa ndefu kuliko ya kwenda, lakini sina la kusimulia. Okoth aliporuhusiwa tulisafiri watatu. Alikuwa anashtuka kila basi lilipopinda. Mama yake alimlisha kwa mkono njia nzima, na kila alipomlisha yeye alinilisha na mimi, tonge kwa tonge, mpaka watu wakadhani sote wawili ni watoto wake.

Nilipofika ploti mlikuwa mmeshafunga turubai. Nawashukuru. Nilikuwa nimepiga simu toka Lindi kusema tu kwamba aliyeokoka ni Okoth, na baba mkwe na mama mkwe walikuwa wamekuja kutoka Bungoma, wameketi kwenye viti vya Mama Wambui, wananingoja. Kwetu mtu akipotea mwili wake usipatikane, unakata mgomba na kuuzika mahali pake, ili asibaki kutangatanga. Shimo lilikuwa limeshachimbwa nyumbani Bungoma, kando ya kaburi la babu yake. Mgomba ulikuwa umeshachaguliwa.

Faith alikuja akajificha kwenye leso yangu. Nikawaeleza wote, mbele yenu, mnakumbuka. Nilipofika mahali pa kusema nimemwacha kule, baba mkwe alisimama kwa hasira.

"Umemwona kwa kaburi, na ukamwacha? Kwa watu wasiomjua?"

Okoth ndiye aliyejibu, bado anakwaruza. Alisimama mbele ya mzee, akamweleza ule mlango, mkono ulioachiwa, yule Chifu mgonjwa. Kisha mama yake akaeleza fundo la aproni, kwa sababu Okoth hakuweza kulieleza. Baba mkwe akarudi kitini taratibu. Akamwambia Okoth naye aketi, asisimame na udhaifu ule.

Mama mkwe hakuwa amesema neno tangu nifike. Ni mwanamke wa kanisani, mkali, hapendi mchezo na mambo ya imani. Nilimwogopa yeye kuliko mzee.

"Walimwosha?" akauliza.

"Walimwosha, Mama. Kwa maji ya kisima."

"Wakamvika?"

"Sanda nyeupe. Wakamwombea."

Kisha akamgeukia shemeji yangu mkubwa. "Piga simu nyumbani. Waambie walifukie lile shimo."

"Mama, lakini mila..."

"Mgomba ni wa mtu aliyepotea. Mtoto wangu hakupotea. Ameoshwa, amezikwa, yuko na mtu. Walifukie leo."

Simu ikapigwa. Hakuna aliyembishia. Baadaye, watu wakianza kugawiwa chai, aliniita karibu na kiti chake, akainama ili wengine wasisikie.

"Huyo aliyemwosha anaitwa nani?"

"Selemani, Mama."

"Seremani."

"Selemani."

Akalirudia polepole, mara nyingine, na nyingine tena, midomo ikitembea bila sauti, mpaka akalipata.